Jiokeshi ya milima ya Ngong: imechukuliwa, au tunatafuta mahali ambapo haikuwekwa?

Mkwea Milima
Habari zenu wakuu. Jumapili iliyopita mimi na mdogo wangu tulipanda milima ya Ngong kutafuta jiokeshi iliyofichwa kwenye mgongo wa milima, baina ya mitambo ya upepo na kilele cha Lamwia, na baada ya saa mbili na nusu za kupekua nyasi tuliteremka mikono mitupu. Kwa asiyeujua mchezo huu: mtu huficha kasha lenye daftari ndani yake, hutangaza viwianishi vyake, yaani zile namba za latitudo na longitudo, na wengine hulitafuta kwa GPS, hutia sahihi kwenye daftari, kisha hulirudisha palepale lilipokuwa.

Hili tulilolitafuta limeelezwa kuwa sanduku la chuma la aina iliyokuwa ikibebea risasi, rangi ya kijani. Limepewa ugumu wa 2 na ardhi ya 3.5 katika kipimo kinachoishia 5. Dokezo la mwenyewe linasema: mawe matatu yaliyopandana, ukiwa umekaa na uso umeelekea Magadi (mji na ziwa kule Bonde la Ufa). Simu zetu mbili zilitufikisha mahali pamoja, kila moja ikidai kwamba haikosei zaidi ya mita nne, na hapo tulipofikishwa ni mteremko wa nyasi tupu usio na jiwe hata moja linalozidi ukubwa wa mkate. Mtu wa mwisho kulipata aliandika miaka mitatu iliyopita, na baada yake wawili wameandika kwamba hawakuliona.

Mimi naamini sanduku bado lipo na kwamba kosa liko kwenye namba. Naomba mawazo yenu.

Mzee wa Kona Baridi
Karibu, kijana wangu. Mimi nimeishi chini ya milima hiyo upande wa kusini tangu utotoni, na nakuambia bila kusita kwamba sanduku limeondoka. Watoto wanaochunga mbuzi juu kule wanalijua kila jiwe, na jiwe likihamishwa wanaliona asubuhi yake. Sanduku la chuma lenye mfuniko unaobana ni chombo cha thamani nyumbani, kwani linaweza kuwekewa chumvi ya mifugo, dawa za kuogeshea au misumari, na mtoto akilikuta porini halina mtu hawezi kuhesabu kwamba ameiba. Usimlaumu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kuna mchezo.

Fundi Setilaiti
Mleta mada, kabla ya kulaumu namba ni vizuri kufahamu namba hizo zinatoka wapi. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hivi kwamba kifaa cha mtu wa kawaida kiliweza kukosea kwa takriban mita 100. Rais Bill Clinton aliagiza uvurugaji huo ukomeshwe, na usiku mmoja tu usahihi ukapanda mara nyingi. Tarehe 3 Mei 2000 Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Seattle na kutangaza namba zake, ili kuona kama mtu mwingine angeweza kuifikia, na mchezo ukaanzia hapo.

Leo, mahali palipo wazi kama mgongo wa Ngong, ambapo hakuna maghorofa wala miamba mirefu ya kurudisha mawimbi, simu ya kawaida hukosea kwa mita chache tu. Kwa hiyo siamini kwamba simu zenu zilikosea. Nakubaliana na Mzee kwamba limechukuliwa.

Mwalimu wa Jiografia
Fundi, sahihisho dogo. Ndoo ya Ulmer haikuwa karibu na Seattle bali Beavercreek, katika jimbo la Oregon, si mbali na mji wa Portland. Seattle ndiko yaliko makao ya kampuni inayoendesha tovuti kuu ya mchezo, na nadhani hapo ndipo zilipochanganyika. Ndani ya ndoo ile mlikuwa na vitabu, kanda za video, manati na kopo la maharagwe, na sehemu ya ndoo ilifukiwa ardhini, jambo ambalo kanuni za leo zinalikataza.

Sasa kwenye swali lenyewe. Mkwea, tafadhali tuambie namba zimeandikwa kwa mtindo gani. Wachezaji huandika digrii na dakika zenye nukta na tarakimu tatu, lakini vifaa vingi huonyesha digrii, dakika na sekunde. Mtu akisoma sekunde kwenye kifaa chake kisha akazinakili kana kwamba ni sehemu ya desimali ya dakika, atampeleka mwenzake mamia ya mita kutoka mahali pa kweli, na kila namba itaonekana safi kabisa. Nimesahihisha kosa hili kwenye madaftari ya wanafunzi kwa miaka mingi, na nimeliona pia kwa watu wazima wenye vyeti.

Bintiramani
Salamu kutoka Dodoma. Kazi yangu ni upimaji wa ardhi, na nilipoona maneno “Kenya” na “kosa liko kwenye namba” katika uzi mmoja, jambo la kwanza lililonijia ni datamu, yaani msingi ambao namba huhesabiwa juu yake.

Namba za latitudo na longitudo peke yake hazitoshi kutaja mahali; ni lazima ujue zimehesabiwa juu ya umbo gani la dunia, na umbo hilo limefungwa wapi. Ramani za zamani za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali GPS na ramani za simu hutumia WGS84. Mpimaji anayefanya kazi kwa ramani hizo huweka kifaa chake kwenye Arc 1960 ili kilingane na karatasi, na akisahau kukirudisha, namba atakazotangaza zitakuwa sahihi kwake na potofu kwa kila mwenye simu. Katika ukanda wetu tofauti ni karibu mita 300.

Mimi mwenyewe nilishuhudia mitambo ya kuchimba kisima ikishushwa kwenye shamba la mtu ambaye hakuwa amehusishwa kabisa na mradi, kwa kuwa aliyepima alitumia msingi mmoja na aliyeleta mitambo alitumia mwingine. Tulisimama tukiangaliana, kila mmoja ameshika namba zilezile mkononi.

Mkwea, je, mwenye jiokeshi amesema popote alitumia kifaa gani?

Nyota ya Leeds
Hamjambo. Mimi nacheza mchezo huu huku Uingereza na wanangu wawili, na kabla sijafika kwenye namba nataka kuuliza kama sanduku lilikuwa na maandishi ya kulitambulisha nje. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby ambao hauko mbali na ninapoishi, kasha dogo la jiokeshi lilizua hofu, polisi wakaitwa, barabara ikafungwa, na wataalamu wa mabomu wakalilipua. Sanduku la risasi lisilo na maandishi, kwenye mlima wenye mitambo ya umeme na minara ya mawasiliano, haliwezi kudumu. Mlinzi wa misitu akiliona atalipeleka ofisini, na atakuwa ametimiza wajibu wake. Hiyo ni nadharia ya nne, na sijaona aliyeigusa.

Kuhusu namba, nina kisa kimoja. Siku yangu ya kwanza, nilipokuwa likizoni Nairobi, niliingiza viwianishi vya Ngong bila kuweka alama ya kusini. Simu ikaniambia kwamba nina zaidi ya kilomita 300 za kwenda, na mshale ukaelekeza Samburu, kaskazini mwa Maralal. Shemeji yangu alinihurumia kweli.

Mkwea Milima
Asanteni nyote. Nimerudi kuisoma upya taarifa ya jiokeshi hiyo, neno kwa neno.

Mwalimu, namba zimeandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali. Sitaziandika zote hapa kwa heshima ya mwenye jiokeshi, lakini baada ya nukta latitudo ina 315 na longitudo ina 272. Bintiramani, mwenyewe ameandika kwamba alipima “kwa kifaa cha kazini”, na hakusema kazi gani. Nimemwandikia, na hajajibu. Inaonekana hajaingia kwenye ukurasa wake kwa muda mrefu. Dada Nyota, hakusema chochote kuhusu maandishi ya nje.

Tembo wa Moshi
Wakuu, mnawasahau nyani. Kule Hell's Gate, Naivasha, nilimwona nyani akifungua zipu ya begi langu kwa utulivu, kana kwamba begi ni lake. Mtu akiacha peremende ndani ya kasha, na wapo wanaoacha ingawa kanuni zinakataza chakula, mnyama atalisikia kwa pua na kulivuta nje.

Na mimi napendekeza tuache neno “jiokeshi” tuseme “jiokasha”. Kiswahili kilikuwa na kasha kabla ya Wamarekani kuwa na GPS, na bila shaka neno lao, cache, limetokana na mzizi mmoja na letu.

Mwalimu wa Jiografia
Tembo, pendekezo lako ni zuri, lakini asili si moja. Kasha letu limetoka kwa Wareno, ambao kwao sanduku ni caixa, ilhali neno lao limetoka kwenye Kifaransa na maana yake ni kuficha. Yamefanana kwa bahati tu. Hata hivyo hakuna kinachotuzuia kuitumia bahati hiyo, na mimi nitaandika jiokasha kuanzia sasa.

Kuhusu nyani, kifungo cha sanduku la risasi ni cha wenzo wa chuma unaohitaji nguvu ya dole gumba. Simkadirii nyani chini, lakini hata akilifungua ataacha sanduku na daftari na kuondoka na peremende.

Sasa tazameni namba za Mkwea. Tarakimu mbili za mwanzo ni 31 katika latitudo na 27 katika longitudo, na zote ziko chini ya 60, kwa hiyo zinaweza kabisa kuwa sekunde 31.5 na sekunde 27.2. Desimali 0.315 ya dakika ni sekunde 18.9. Tofauti yake na 31.5 ni sekunde 12.6, na kwa kuwa sekunde moja ya latitudo ni karibu mita 31, sanduku litakuwa takriban mita 390 kusini mwa mahali mlipotafuta. Kwenye longitudo, kwa hesabu ileile, litakuwa mita 330 na zaidi upande wa mashariki.

Bintiramani
Mwalimu, hesabu yako haina kasoro, lakini iweke juu ya ardhi. Mgongo wa Ngong umelala kaskazini kwa kusini na si mpana. Ukienda mita 330 mashariki umeuacha mgongo kabisa na unateremka upande wa Nairobi. Mtu aliyekaa huko hawezi kuelekeza uso Magadi bila kuwa na mlima mzima mbele yake, na dokezo litakosa maana.

Kwa Arc 1960, mahali pa kweli patakuwa karibu mita 300 kusini na takriban mita 90 mashariki. Mita 300 kusini ni kuufuata mgongo wenyewe hadi kwenye kishuko kinachofuata. Mpimaji anayesahau kubadili datamu ni jambo ninaloliona kila mwaka.

Mkwea Milima
Bintiramani, umenifurahisha na kunisumbua kwa pamoja. Hata hizo mita 90 za mashariki zinatutoa kwenye ukingo wa mgongo na kutupeleka kwenye bega la upande wa Nairobi. Magadi iko kusini-magharibi. Nimeipitia njia ile mara tano, na sikumbuki mahali ambapo mtu akikaa mita 90 mashariki ya ukingo anaweza kuiona Bonde la Ufa.

Bintiramani
Dokezo halikusema unaiona Magadi. Limesema uso umeelekea Magadi. Mtu anaweza kuelekea Makka akiwa ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Mzee wa Kona Baridi
Binti yangu, hapo umesema kweli.

Lakini hesabu zenu zinaichukulia milima kana kwamba imesimama. Juu kule nyasi huungua kiangazi, mvua za masika zikija huteremsha udongo na mawe, na watu wa matembezi huyapanga mawe kuwa viti na mafiga. Wazee wa Kimaasai hutusimulia kwamba jitu lilijikwaa kwenye Kilimanjaro likaanguka, na vilele hivi ni alama za vifundo vya mkono wake. Katika umri wangu nimeona vifundo hivyo vikibadilika rangi, miti na njia. Wakati nahamia nyumba niliyomo sasa hapakuwa na pangaboi hata moja. Hayo yalianza 2009.

Fundi Setilaiti
Mzee, shikamoo, na unisamehe kwa kukusahihisha. Mitambo miwili ya kwanza ya upepo ilisimamishwa Ngong mwaka 1993, msaada kutoka serikali ya Ubelgiji. Mwaka 2009 ndipo KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, ilipoanza kuongeza ile mikubwa tunayoiona sasa. Huenda nyumba yako ilikuwa ikitazama upande mwingine, kwani mitambo iko kaskazini nawe uko kusini.

Kuna jambo hakuna aliyelijibu. Ikiwa namba zina kosa la mita 300 au 390, wale waliolipata zamani walilipataje? Hawakuwa na namba nyingine. Kila nadharia ya kosa la namba inavunjikia hapo, na kila nadharia ya kuchukuliwa inapita salama.

Mzee wa Kona Baridi
Marahaba, kijana. Ni kweli, kutoka kwangu huoni kaskazini mpaka upande juu. Nimepokea sahihisho.

Mkwea Milima
Fundi, swali lako limeninyima usingizi, kwa hiyo nimesoma kumbukumbu zote za waliolipata. Ni wanne tu. Wawili wa kwanza waliandika siku sanduku lilipowekwa, na mmoja wao anashukuru kwa “matembezi mazuri ya pamoja”, maana yake alikuwa na mwenye sanduku. Wa tatu aliandika neno moja tu la shukrani. Wa nne, ambaye ndiye wa miaka mitatu iliyopita, ameandika sentensi ninayoinakili kama ilivyo: “Tulikuwa tumekata tamaa na kuendelea na safari, ndipo tukaketi kula na kuliona.”

Nyota ya Leeds
Kaka Mkwea, hiyo sentensi ni hazina. Waliendelea na safari, na watu wengi hutembea kutoka lango la Ngong kwenda Kona Baridi, yaani kaskazini kwenda kusini. Kwa hiyo waliketi kusini mwa mahali palipotangazwa. Hata hivyo hatujui kama ni mita 50 au kilomita moja.

Fundi Setilaiti
Na hatujui kama wao walilirudisha palepale. Mtu aliyelikuta kwa bahati akiwa anakula anaweza kuamua kwamba limepotea njia, akalirudisha kwenye namba zilizotangazwa, penye nyasi tupu. Hapo mchungaji wa Mzee angeliona kwa umbali wa mita 100. Nadharia zetu zote zinaweza kuwa kweli kwa zamu.

Tembo wa Moshi
Nakubali kuwaondoa nyani. Lakini Mkwea, ukirudi usiende wawili. Chukueni mlinzi wa misitu pale langoni, maana kuna nyati pembezoni, na wapita njia wamewahi kuporwa sehemu za mbali na mitambo.

Mkwea Milima
Wakuu, nimerudi. Jana Jumamosi tulianza langoni saa moja na nusu asubuhi tukiwa wanne pamoja na mlinzi, na upepo ulikuwa mkali kiasi cha kunilazimisha kushika kofia kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. Niliweka alama tatu: namba za asili, namba za Bintiramani na namba za Mwalimu.

Alama ya Mwalimu iko chini sana upande wa mashariki, kwenye vichaka vizito, na mlinzi alitushauri tusiingie kwa sababu ya nyati. Tulitii. Siwezi kusema kuna nini huko.

Alama ya Bintiramani iliangukia kwenye bega la nyasi upande wa Nairobi, na hapo hakukuwa na kitu. Lakini nilipopanda kurudi ukingoni kutoka hapo, nikikadiria mita 60 hivi, nilikuta mawe matatu yamepandana: kubwa chini, bapa katikati, na la juu lina umbo la kiatu. Ukikaa kwa kuliegemea unaangalia moja kwa moja kusini-magharibi, bonde lote liko chini ya miguu yako. Kati ya jiwe la chini na la katikati kuna uwazi wa kutosha kuingiza sanduku. Niliingiza mkono wangu mpaka kwenye kiwiko na kutoa majani makavu, kifuniko cha chupa ya soda, na marumaru moja ya bluu.

Mlinzi alisema hajapata kuona wala kusikia habari za sanduku lolote kupelekwa ofisini tangu ahamie kituo hicho, lakini amehamia mwaka jana tu.

Nyota ya Leeds
Marumaru! Wanangu huacha marumaru kila mara. Kanuni ni kwamba ukichukua kitu unaacha kitu chenye thamani sawa au zaidi, na marumaru ndiyo bidhaa ya kila mtoto anayecheza mchezo huu. Sanduku lilifunguliwa hapo.

Mzee wa Kona Baridi
Marumaru pia ndiyo bidhaa ya kila mtoto anayechunga mbuzi.

Bintiramani
Mita 60 nje ya alama yangu si kidogo. Kifaa cha kupimia hakikosei hivyo mahali pa wazi. Kama mawe hayo ndiyo penyewe, basi datamu inaeleza sehemu kubwa ya umbali na si wote, na sipendi maelezo yanayobakiza masalio. Mkwea, nitumie namba za mawe hayo, wastani wa vipimo vya angalau dakika kumi, si kipimo kimoja.

Mzee wa Kona Baridi
Nami nina ombi, kijana wangu. Wachungaji hupanga mawe ili kukinga upepo wanapokaa, na mpangilio wao unafanana na huo ulioueleza. Njia ya kujua ni nani aliyeyapanga, na lini, ni kulitazama jiwe la chini. Linyanyue upande mmoja uangalie nyasi zilizo chini yake. Zikiwa za manjano bado zina mizizi, jiwe limewekwa msimu huu. Ukikuta udongo mtupu wenye njia za mchwa, limekaa hapo miaka. Uliliinua?

Mkwea Milima
Sikuliinua, Mzee. Ni zito, na nilihofu kuyavuruga. Wiki ijayo nitapanda tena na watu wawili wenye nguvu. Nitakaa hapo dakika kumi kwa ajili ya Bintiramani, na jiwe nitalipiga picha kabla ya kuligusa.